Shule za Wajapani wa Brazil

Wako watu wasemao kwamba mtoto wa mgeni akifundishwa lugha ya baba yake hawezi kuwa raia mwema wa nchi aliyozaliwa. Sisi twayapinga maneno hayo, na ushahidi wetu twautoa Brazil.

Tarehe 18 Juni, 1908, meli Kasato Maru ilitia nanga Santos ikiwa na Wajapani 781 wenye mikataba ya kazi katika mashamba ya kahawa ya São Paulo. Utumwa nchini humo ulikuwa umekomeshwa mwaka 1888 tu, na mabwana shamba wengi walikuwa hawajasahau desturi zao. Wageni walitazamia mali. Wengi walichokipata ni deni katika duka la bwana. Hata hivyo, walipoanza kujipatia ardhi yao wenyewe, hawakukawia kuchanga fedha na nguvu wakajenga shule.

Mwaka 1938 serikali ya Getúlio Vargas ilianza kuzifunga shule hizo, na mwaka 1941 ikayapiga marufuku magazeti ya lugha za kigeni. Julai 1943 Wajapani wa Santos waliamriwa kuuhama mji kwa muda wa saa 24. Hatukatai kwamba baadhi ya shule zile zilimtukuza mno Mfalme wa Japani. Lakini kosa hilo lilikuwa la kusahihishwa na mkaguzi wa elimu, si na polisi. Na faida yake ilikuwa nini? Watu wasio na gazeti waliishi kwa uvumi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, wengi walikataa kusadiki kwamba Japani imeshindwa, na wafuasi wa chama cha Shindo Renmei wakawaua wenzao zaidi ya ishirini, wengi wao kwa kosa la kusema kweli.

Leo wenye asili ya Kijapani huko wapata milioni mbili. Katika mtaa wa Liberdade, São Paulo, yapo makumbusho ya uhamiaji wao, yaliyofunguliwa mwaka 1978, na Serikali ya Japani huwapelekea walimu wa kujitolea kwa njia ya shirika lake la JICA. Tarehe 25 Julai, 2024, Brazil iliomba radhi kwa mateso yale. Twapongeza.

Lakini twaona kasoro moja, nayo iko Japani kwenyewe. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 1990, wajukuu wa wahamaji wale wamerudi kwa maelfu kufanya kazi katika viwanda vya Hamamatsu na miji mingine. Sheria ya elimu ya lazima haiwahusu watoto wa kigeni. Mwaka 2019 Wizara ya Elimu ya huko ilikuta kwamba watoto wa kigeni wapatao 20,000, wa mataifa mbalimbali, huenda hawasomi kabisa. Basi mwalimu avuka bahari kumfundisha Kijapani mtoto wa São Paulo, na binamu yake, mtoto wa mfanya kazi, akaa nyumbani Hamamatsu pasipo yeyote kuulizwa! Twaitaka Serikali ya Tokyo iwaandikishe watoto hao kwa sheria ile ile iwalazimishayo wazazi wa Kijapani.