Video Yangu Iliharibu Nguo ya Watu

Wasee, kuna mama wa cherehani hapa chini ya ploti yetu Tassia, kati ya duka la gesi na kinyozi. Kila mtu anamwita Mathe, hadi landlord. Mwezi wa nane alinipigia simu niteremke, na sauti haikuwa ile ya kuniitia chapo.

Mezani kulikuwa na gauni ya satini, rangi ya damu ya mzee, ya dada mmoja aliyekuwa anaenda ruracio Jumamosi. Zipu ya mgongoni ilikuwa imevimba kama kidonda kilichoshonwa vibaya. Kando yake vitundu vimejaa, kwa sababu Mathe alikuwa amefumua mara tatu, na satini ukishaitoboa na sindano haisahau. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwa kopo la vifungo. Kwa skrini, video yangu.

Alisema, "Wacha tu, kijana. Ni mimi sijui kusikiza."

Hapo ndipo niliumia. Video yangu ilikuwa mbaya, na yeye akajiona mjinga.

Turudi nyuma kidogo. Kuna ofisi ilikuwa inataka kufundisha watu ushonaji kwa simu, bila kuja darasani. Sitaitaja. Walinipa kazi ya video kumi na mbili. Nilipata fundi mzee wa Pipeline, mtu ameshona tangu kabla mimi nizaliwe, nikamwekea taa ya duara, tripodi na maiki ya kubana kwa shati. Tulirekodi alfajiri kabla welda wa jirani hajaanza na kabla matatu za Outering hazijaamka vizuri. Picha ilikuwa safi jo, hadi uzi unaona ukimeta. Nilijiona nimefika.

Halafu nikaingia kuediti. Ofisi ilikuwa imesema kila video isizidi dakika sita. Pia walitaka nembo yao mwanzoni, salamu za mkubwa wao, na muziki. Salamu na nembo zikakula dakika moja na kitu. Kwa hivyo nikaanza kutafuta pa kukata, na kitu ya kwanza niliyoona "inaboo" ni mzee akipiga zipu pasi.

Kama hujui kushona, hebu nikueleze. Zipu ya kujificha ikitoka dukani meno yake yamejikunja. Unaifungua, unaigeuza, unapitisha pasi ya moto mdogo kwa nyuma ili meno yanyooke. Moto mdogo kwa sababu ni nailoni, inayeyuka. Ni baada ya hapo ndio sindano inaweza kupita karibu kabisa na meno, na zipu ikifungwa isionekane. Ukiruka pasi, una machaguo mawili: ushone mbali na zipu ijianike nje, ama sindano ipande juu ya meno na zipu igome. Sekunde arobaini za mzee na pasi. Nikazikata, muziki ukaendelea vizuri.

Na hiyo si yote. Hii zipu hushonwa mshono wa mgongoni ukiwa bado wazi, tofauti na zipu ya kawaida ambayo wengi huipachika mshono ukishafungwa. Mzee alikuwa amelisema hilo. Lakini nilikuwa nimeiweka sauti yake juu ya nembo inayozunguka, kwa hivyo sikio linasikia "mshono uwe wazi" na jicho linaangalia rangi za kampuni. Mathe amezoea zipu ya kawaida. Alifunga mshono kwanza, kama alivyofanya miaka yake yote.

Siku hiyo nilimwomba kitu kimoja: Mathe, itazame tena mbele yangu. Nikakaa kwa stuli nikanyamaza. Wewe unayetengeneza kontenti, kama hujawahi kukaa nyuma ya mtu anayejifunza kwa video yako, hujui unachofanya. Unaijua tu grafu.

Alianza kwa kusukuma mbele na kidole gumba, akavuka salamu za mkubwa. Akavuka mbali sana, akarudi, akakosa pale anapotaka, akarudi tena. Mkono mmoja umeshika kitambaa na pini ziko mdomoni. Alirudia mahali pamoja mara saba, kwa sababu hapo mkono wa mzee umefunika sindano, na mimi nilikuwa nimeweka kamera mbele ya mzee, kama mtu anahojiwa kwa TV. Kila kitu kilikuwa kinyume kwake: kushoto kwa mzee ni kulia kwa skrini. Alikuwa anageuza kichwa kama kuku akiangalia mwewe.

Halafu sauti ikasema "teremsha kikanyagio." Mathe akaangalia chini ya meza, kwa pedali. Script ya ofisi ilimaanisha kile kiguu kinachobana kitambaa chini ya sindano. Mzee mwenyewe hakuwahi kusema kikanyagio maishani mwake. Aliisoma kwa karatasi kwa sababu mimi nilimwambia aisome.

Sasa, hiyo dakika sita ilitoka wapi? Nilienda kuitafuta kwa sababu kila mtu anaitaja kama amri ya Musa. Chanzo chake kikubwa ni utafiti wa Philip Guo na wenzake wawili, wa mwaka 2014. Walichambua mara milioni 6.9 ambazo watu walitazama video za kozi nne za edX, ule mradi ulioanzishwa na Harvard na MIT. Wakakuta kwamba haijalishi video ni ndefu kiasi gani, mtazamaji wa katikati hakai zaidi ya dakika sita. Sawa. Lakini utafiti huo huo ulitenganisha video za mhadhara na zile za kukuonyesha jinsi ya kufanya kitu. Kwa zile za pili, wanafunzi wanarukaruka na kurudia vipande, na watafiti wakashauri zitengenezwe ziwe rahisi kurudia na kupekua. Hiyo sehemu hakuna mtu huiweka kwa slaidi za mkutano.

Kwa hivyo hii ndio kauli yangu, na mnaweza kunirukia: video ya mafunzo haitazamwi, inatumika, kama vile unatumia rula. Ukiipima kwa watu wangapi walifika mwisho, unapima kitu ya TikTok. Mathe hakutaka kufika mwisho. Alitaka zile sekunde kumi na tano sindano inapoingia, azirudie mpaka mkono uelewe, kisha aweke simu chini ashone.

Najua kile utaniambia. "Bro, bila mwanzo wa kushika watu, hakuna mtu atafungua." Kweli kwa mtu anayescroll. Lakini mtu ambaye ana kitambaa cha mteja mkononi na Jumamosi inakuja, huyo ashashikwa. Mambo ya "kabla hatujaanza bonyeza kengele" anayalipia kwa data yake, ile ya kununua kidogo kidogo, na inaisha katikati ya zipu. Wewe unapewa Wi-Fi ya ofisi, unasahau.

Mimi ni wa ile darasa ya Form Four ya 2020. Shule zilifungwa mwezi wa tatu, tukarudi mwezi wa kumi, KCSE tukafanya 2021. Miezi ile nilitazama masomo kwa TV na simu hadi macho yakawasha. Mwalimu kwa skrini angeuliza, "Tuko pamoja?" halafu anaendelea. Hatukuwa pamoja. Hangejua, hana macho ya kuniona. Darasani mwalimu anaona sura yako ikikunjamana anarudia. Kwa video hiyo kazi ya kuona sura inabidi ifanywe kabla, na mtu mmoja tu wa kuijaribu naye anatosha kuanzia. (Chuo niliacha second year, na hiyo ilikuwa fees, si video. Msiniulize kwa DM.)

Kuna watu Kenya wamelijua hili kitambo. Shamba Shape Up iko kwa TV tangu 2012, na sababu mamangu huitazama ni kwamba wanaenda kwa shamba la mtu, kibanda kibovu kinaonekana kikiwa kibovu, na mwenye shamba anauliza maswali yake ya ukweli. Yale maswali ya mkulima ndiyo mtazamaji angeuliza. Sisi tunaogopa kuweka mwanafunzi kwa video kwa sababu atakosea, na kukosea kwake ndio dhahabu.

Ile ya zipu tuliirekodi upya, kwa pesa yangu. Safari hii kamera ilikuwa nyuma ya bega la mzee, juu kidogo, ili mikono yake ionekane kama ni yako. Kuna watafiti walilijaribu hilo 2017 kwa watu wanaojifunza kuunganisha saketi ya umeme, na waliotazama kutoka upande wa mfanyaji walifanya vizuri zaidi. Mathe angewaambia bure. Pasi imerudi, yote. Sekunde ambapo mshono uko wazi, sikuweka sauti yoyote nyingine, ni kitambaa na kidole cha mzee kikionyesha. Jina la kila hatua liko kwa skrini, kubwa, ili ukisukuma na kidole gumba ujue uko wapi hata kama kioo kimepasuka. Tena tulimwacha mzee akosee makusudi: akashona bila pasi, akaonyesha zipu ilivyovimba, akaifumua. Yote ina dakika tisa. Mzee anasema "kiguu", anasema "piga bandi kwanza", anasema vile mafundi wanasema.

Ofisi waliikataa. Ndefu sana, na nembo iko mwisho. Wakabaki na ile ya kwanza, na bado iko kwa kozi yao sai, watu wanaitazama nikiandika hapa. Niliwaandikia mara mbili nikawaeleza kuhusu pasi. Walinijibu kwamba takwimu za kumaliza video ni nzuri. Mkataba unasema ni yao, siwezi kuishusha. Hiyo inaninyima usingizi kuliko pesa.

Satini mpya tulilipa nusu kwa nusu, mita mbili na nusu kutoka Eastleigh. Mathe alikataa kabisa, nikamwambia basi naweka nusu yangu kwa kopo la vifungo na kuondoka. Ile gauni ya pili alishona na video ya pili, usiku wa Ijumaa. Nilisikia cherehani ikisimama, ikianza, ikisimama tena, hadi karibu saa saba. Asubuhi alinitumia picha ya mgongo wa nguo. Nilipanua picha nikitafuta zipu, sikuiona.

Jumamosi hii tunarekodi kola. Nimeweka meza mbili: moja ya mzee, na nyingine nyuma ya kamera, ya Mathe na cherehani yake. Anashona tukirekodi. Akikwama, tunarudia. Ameshanionya kwamba nikikata kitu tena, rula ya mbao anayo.