Bei ya Pili ya Jokofu

Oktoba 2022 mitambo ya dizeli iliyokuwa ikiwapatia umeme wakazi wa Kasulu na Kibondo ilizimwa, na miji hiyo ikaunganishwa katika Gridi ya Taifa. Tangu hapo suala la kununua jokofu limeingia katika nyumba nyingi. Mnunuzi huuliza bei, huuliza lita, na pengine huvutiwa na rangi. Lakini haulizi jokofu hilo litakula yuniti ngapi kwa mwezi, na muuzaji naye hana jibu.

Yafaa ikumbukwe kwamba jokofu halitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Gesi iliyomo katika mabomba yake hunyonya joto la ndani, kompresa huisukuma, na joto hilo hutupwa nje kwa nyuma. Kisha joto la chumbani hupenya tena kupitia kuta na mlango, na kazi huanza upya. Kadiri tofauti ya joto baina ya nje na ndani inavyokuwa kubwa, ndivyo joto linavyopenya kwa wingi. Hapo ndipo nyanda za juu za Kigoma zilipojaliwa. Katika chumba chenye nyuzi 30 za sentigredi, kama vilivyo vingi Dar es Salaam, jokofu lenye nyuzi 5 ndani hupambana na tofauti ya nyuzi 25. Katika chumba cha Kibondo chenye nyuzi 20, tofauti ni 15 tu. Yaani jokofu lile lile, likipandishwa huko, hupenywa na joto kiasi cha tatu kwa tano.

Faida hiyo ya bure hupotezwa na jokofu la mtumba. Mpira wa mlango umekakamaa, tabaka la kuzuia joto lililomo ndani ya kuta limeingia unyevu, na kompresa hainyamazi usiku kucha. Jokofu dogo lililo zima laweza kutumia yuniti 20 kwa mwezi. Kuukuu laweza kufika 60.

Na hapa hesabu haiendi sawasawa. Kwa bei zilizowekwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa yuniti, mradi asizidi yuniti 75 kwa mwezi. Kila yuniti inayozidi ni shilingi 350. Wastani wake ukizidi kiwango hicho, huhamishiwa katika kundi la shilingi 292 kwa kila yuniti, tangu ile ya kwanza. Tuseme taa, redio na televisheni zatumia yuniti 25. Pamoja na jokofu zima ni 45, yaani shilingi 4,500 kabla ya kodi na tozo. Pamoja na jokofu kuukuu ni 85: kwanza shilingi 11,000, na akishahamishwa, 24,820. Tofauti ya shilingi 20,320 kila mwezi hufikia 243,840 kwa mwaka. Nafuu ya dukani imekwisha kuliwa, na hata taa za nyumba hiyo sasa zinalipiwa karibu mara tatu.

Ni vigumu kumlaumu mnunuzi kwa jambo asiloelezwa. Kenya ilitunga kanuni mwaka 2016 zinazotaka jokofu libandikwe lebo ya nyota inayoonyesha matumizi yake ya umeme. Muuzaji wa Kasulu naye, auze jipya au la mtumba, hapana budi alazimishwe kuandika yuniti kando ya bei. Kibandiko hicho hakina gharama ya kutisha.

Kwa aliyekwisha kununua, mita ya LUKU yatosha. Wakati wa kulala vyombo vingine vyote vizimwe, mita isomwe, na isomwe tena baada ya saa 8. Tofauti izidishwe kwa 3, na ndiyo matumizi ya kutwa. Yakikaribia yuniti 2, mlango ufunguliwe, noti ibanwe kwenye mpira, kisha ivutwe. Ikichomoka bila kukaza, mpira umekwisha kazi, na fundi aitwe aubadili kabla ya mwezi mwingine wa umeme kununuliwa.