Elimu ya Bahari Irudi Pwani



Bamvua linapofika na maji yakakupwa hata mwamba ukabaki wazi, mama zetu wa kusini ya Unguja na wa visiwa vya Pemba hushuka na vijiti vyao kutafuta pweza. Hapana skuli iliyowasomesha kazi hiyo. Wanayajua mashimo ambayo akitolewa pweza leo, baada ya siku chache huingia mwengine. Na mama humwonyesha binti shimo lake kama mwengine anavyorithisha mikarafuu. Hiyo ni elimu, na kwa hakika ni elimu kubwa.

Twauliza: elimu hiyo, ikishachukuliwa kwao, huenda wapi?

Tumewaona wageni, na wenzetu wa mjini pia, wakija na madaftari. Huuliza kwa adabu, hupima, hushukuru, huondoka. Katika diko moja nilijualo mimi, samaki amepimwa na kuandikwa daftarini miaka na miaka, na mvuvi aliyemvua hajapata hata mara moja kusomewa jumla yake. Akiuliza, huambiwa hesabu imepelekwa mjini. Kisha siku moja hutoka amri: nyavu hizi ni haramu, sehemu hii imefungwa. Amri yenyewe huenda ikawa ya haki. Lakini mtu aliyenyimwa hesabu hawezi kuiona haki hiyo, na ndiyo maana usiku hurejea na nyavu zile zile.

Wala asije mtu akasema kwamba twawakataa wataalamu. Hasha! Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake wengi mno ni wanawake. Ule mwani wa kotonii, wenye bei nzuri kuliko spinosamu, ulipoanza kufa katika miaka ya mwanzo ya karne hii, wakulima waliuona ukipauka na kukatika kambani. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa hapa Unguja mwaka 1978, walichunguza joto la maji ya kina kifupi, wakafanya majaribio ya kuulima mwani huo penye kina kirefu zaidi. Hapo elimu mbili zilikutana, nasi twawashukuru. Lakini penye kina kirefu pataka chombo na pataka kuogelea, na wengi wa mama hao hawana hiki wala hawakufunzwa kile. Ushauri usiofuatwa na mashua ni nusu ya ushauri.

Tazameni sasa jambo la pweza. Pweza haishi sana. Umri wake ni kiasi cha mwaka mmoja au zaidi kidogo, na hukua upesi ajabu. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai yake bila ya kula, kisha hufa. Kwa hivyo mwamba ukipumzishwa miezi michache, faida huonekana kabla watu hawajasahau walichokubaliana. Watu wa Andavadoaka, kusini-magharibi ya Bukini, walijaribu jambo hilo mwaka 2004, na vijiji vingine vikaiga. Huku kwetu, watu wa Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, nao wamefunga sehemu za mwamba wao kwa miezi kadhaa, kisha wakazifungua. Hawakuhitaji askari kuwafahamisha. Pweza mkubwa mkononi husomeka na kila mtu.

Hata hivyo yapo mawili yenye kuharibu. La kwanza ni jirani asiyepewa habari. Kijiji kimoja hufunga, na wavuvi wa dago kutoka mbali huja wakakuta pweza wamejaa wakadhani ni bahati yao. La pili ni siku ya kufungua: vijana wenye miwani ya kuzamia hutangulia kwenye maji marefu, na mama aliyengoja miezi yote huambulia waliosalia. Nani aliyemuuliza yeye siku ile ilipopangwa?

Na sisi tusijitie usafi. Wamo wanachama wetu, manahodha wazuri, wanaokufa na alama zao za bahari vifuani, hawamwambii hata mtoto wa ndugu. Mtu kama huyo hana uso wa kumlaumu karani kwa kuficha daftari.

Basi matakwa yetu ni haya, na si makubwa. Kila mtafiti anayeuliza shehiani arudi na majibu yake kwa Kiswahili, asomewe aliyeulizwa. Jumla za diko zibandikwe dikoni kila mwezi, kilo na aina ya samaki, penye kuonekana. Sehemu ikitaka kufungwa, vijiji jirani vipelekewe habari kabla, na wanawake wakae katika kamati wakiwa na kauli, si kwa kuandaa chai. Serikali ikikataa, iseme sababu.

Matawi yasingoje jibu. Bamvua lijalo, kila tawi la pwani lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, waende dikoni wakaombe kwa heshima wasomewe daftari la mwaka uliopita. Watakaloambiwa waliandike, na walilete kwetu tulichape.