ULIMI WA KIJANA SI BIDHAA



Wazee wetu walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kimepata akili. Hakijitembezi tena kwa miguu yake. Kimempanda kijana wetu mgongoni, kikamtia fedha mkononi, naye ndiye anayekitembeza nyumba kwa nyumba ndani ya simu.

Zamani kampuni iliyotaka kuuza sabuni ilikwenda redioni au gazetini, ikalipa, tangazo likatoka. Gazeti hulizungushia mstari, na kila msomaji ajua kwamba maneno yale yamelipiwa. Leo kampuni hununua watu. Zilianza na waimbaji, waigizaji na wachezaji wa mpira wenye wafuasi mamilioni katika Instagram na TikTok. Sasa zimegundua kwamba mtu mkubwa hupendwa, lakini jirani ndiye huaminiwa. Kwa hiyo zinamtafuta kijana mwenye wafuasi elfu tatu au elfu tano tu: msusi, muuza mitumba, mwanafunzi wa chuo. Hupewa fedha kidogo, au bidhaa ya bure, au namba yake maalumu ambayo mnunuzi akiitaja hupunguziwa bei na kijana hupata kamisheni. Kisha husimama mbele ya simu na kusema kama dada amnong'onezaye dada: "Mimi natumia hii, imenisaidia." Wala hasemi kwamba amelipwa.

Hatumlaumu kijana kwa kutafuta riziki. Binti wa Kariakoo auzaye vitenge kwa simu, mkulima wa Kyela amwonyeshaye mnunuzi mchele wake bila kupita kwa dalali, hao ni wajenga nchi. Wanauza mali yao kwa jina lao. Tunachokipinga ni kimoja: kuuza kwa siri imani ya watu.

Sisi tulisomea ualimu. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto humwamini mwalimu kabla hajaweza kuyapima asemayo, na kwa sababu hiyo mwalimu hana ruhusa ya kufundisha asilolijua. Kijana mwenye wafuasi elfu tano ana darasa kubwa kuliko shule nyingi za msingi. Je, nani amempa ruhusa ya kufundisha uongo?

Utazameni mkorogo. Krimu nyingine za kung'arisha ngozi hutiwa zebaki, sumu iharibuyo figo na mishipa ya fahamu. Mwaka 2023 nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuviondoa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025. Lakini krimu za namna hiyo bado zasifiwa simuni na nyuso zilizong'arishwa na taa na programu ya picha. Babu zetu walimkatalia mkoloni aliyesema kwamba mtu mweusi ni duni. Leo maneno yaleyale yanarudi kwa sauti tamu ya binti yetu mwenyewe, na sisi twayalipia!

Tazameni na kamari. Kijana mmoja wa bodaboda katika tawi letu alitueleza kwamba alipoteza hesabu ya wiki nzima kwa kumfuata mchekeshaji aliyeonyesha mkeka ulioshinda. Kijana yule alishindwa kumlipa mwenye pikipiki, akanyang'anywa. Mchekeshaji hakupoteza hata senti, maana alikwisha kulipwa kabla mpira haujaanza.

Ndugu zetu wa Kenya wameliona hilo. Mwezi Aprili 2025 bodi yao ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, kisha ikatoa kanuni za kuwakataza watu mashuhuri na washawishi wa mitandaoni kuipigia debe. Ufaransa ilitunga sheria yake Juni 2023. Huko Marekani, Kim Kardashian alipokea dola 250,000 kuitangaza sarafu ya mtandaoni ya EthereumMax bila kutaja kiasi alicholipwa; Oktoba 2022 akakubali kulipa dola milioni 1.26. Sisi twangoja nini?

Sasa tuseme lililo gumu. Siasa nayo imeingia sokoni. Mwaka 2021 uchunguzi wa Mozilla Foundation ulionyesha kwamba vijana wa Kenya walikuwa wakilipwa dola 10 hadi 15 kwa siku kushiriki katika kampeni za siasa za uongo huko Twitter. Tusicheke ya jirani. Hapa kwetu jambo hilo lina jina, nalo ni uchawa.

Mwezi uliopita tulimwendea kijana wa kata yetu, tukamwomba awaarifu wenzake habari za mkutano wa hadhara. Akatuuliza bila haya: "Mna bei gani, wakubwa?" Tulikasirika. Tukiwa njiani kurudi tukajiuliza: nani alimfundisha swali hilo? Hatukuona pa kujificha. Ni sisi wanasiasa. Kijana alipwaye leo kukisifu chama, kesho atalipwa zaidi kukitukana, na hatutakuwa na la kumwambia, maana sisi ndio tuliompangia bei.

Basi twataka mambo matatu.

Kwanza, Serikali. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza kumdanganya mnunuzi. Iongezwe kanuni moja nyepesi: kila maneno yaliyolipiwa yaanze na neno TANGAZO, kwa Kiswahili, na kampuni iliyolipa iadhibiwe kabla ya kijana. Hatutaki tena mzigo kama ule wa mwaka 2018, wenye blogu walipotakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni mbili na wasio nacho wakanyamaza. Abanwe anunuaye ulimi, si maskini mwenye la kusema.

Pili, walimu. Mtoto anayejua kusoma afundishwe kuuliza: Nani ameyalipia maneno haya?

Tatu, chama chetu. Kisitoe hata senti moja kwa ajili ya sifa. Tawi letu limekwisha kuamua hivyo. Kama kazi yetu ni nzuri, wananchi wataisema bure. Kama ni mbaya, afadhali tuambiwe.

Na kijana yule wa kata? Hatukumlipa. Tulikwenda wenyewe, mlango kwa mlango, kwa siku mbili. Mkutano haukujaa, lakini kila aliyekuja alikuja kwa hiari yake, na walipotupinga tulijua kwamba wanatupinga kweli.

Tuuze mchele, tuuze vitenge, tuuze samaki. Ulimi tusiuze.