Vijana wa filamu wafundishwe, wasitumiwe

KIJANA akitamka nyumbani kwamba anataka kazi ya filamu, wazazi wengi humwona kuwa mvivu anayekwepa shule. Hatuwalaumu wazazi hao. Wamekwisha kuwaona vijana wakiitwa kuigiza, wakishinda juani kutwa kwa ahadi ya nauli na sahani ya wali, kisha filamu ikaisha nao wakarudi kijiweni kama walivyotoka. Kijana wa namna hiyo hakufundishwa kazi. Alitumiwa.

Lakini si lazima mambo yawe hivyo. Upo mfano mwema wa kutazama, na hauko mbali nasi. Ni kazi ya Mira Nair, mwongozaji na mtayarishaji wa filamu aliyezaliwa India mwaka 1957, ambaye tangu miaka ya 1990 Kampala imekuwa mojawapo ya makao yake.

Yafaa kwanza tueleze kazi ya mtayarishaji, maana watu wengi humjua mwigizaji tu. Mtayarishaji ndiye anayetafuta fedha, anayekusanya mafundi wa kamera, sauti na taa, na anayehakikisha kwamba kazi inakwisha na watu wanalipwa. Kwa hiyo yeye, kuliko mtu mwingine yeyote, ndiye mwenye uwezo wa kumfungulia kijana mlango au kumfungia.

Mwaka 1988 Mira Nair alitoa filamu yake ya kwanza ya hadithi, Salaam Bombay!, juu ya maisha ya watoto wa mitaani katika mji ambao leo huitwa Mumbai. Hakuchukua watoto wa matajiri akawavika matambara. Aliwachukua watoto wa mitaani wenyewe, na kabla kamera haijafunguliwa akawapa mafunzo. Filamu hiyo ilipata tuzo ya filamu ya kwanza iliyo bora katika tamasha la Cannes, Ufaransa, na ikawa miongoni mwa zilizoshindania tuzo ya Oscar.

Mwingine angezipokea sifa hizo akaenda zake. Yeye mwaka huo huo alitumia mapato ya filamu kuanzisha shirika la Salaam Baalak Trust, ambalo huwapa watoto wa mitaani huko India malazi, chakula, matibabu na masomo. Mmoja wa waliolelewa na shirika hilo ni Vicky Roy, ambaye alitoroka kwao akiwa mtoto na leo ni mpiga picha anayejulikana.

Hata hivyo, ni wajibu wetu kusema na upande wa pili. Mtoto aliyekuwa mhusika mkuu katika filamu ile alipewa tuzo ya taifa ya India ya waigizaji watoto. Miaka ilipopita alikuwa dereva wa bajaji katika mji wa Bangalore. Kuendesha bajaji si aibu hata kidogo. Ni kazi halali inayolisha familia nyingi, hata hapa kwetu. Lakini habari hii yatufundisha kwamba tuzo si ufundi, wala filamu moja si ajira. Uso wa mtoto hubadilika akikua, na watu wakausahau. Ujuzi wa kuandika mswada, kushika kamera au kuhariri picha haumwachi mwenyewe.

Hapo ndipo tunapoiona thamani ya kazi iliyofanyika Kampala. Mira Nair alifika Uganda kwa ajili ya filamu yake Mississippi Masala ya mwaka 1991, inayosimulia familia ya Kihindi iliyofukuzwa nchini humo na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka 2004 akaanzisha mjini Kampala mafunzo ya filamu kwa vijana wa Afrika Mashariki, akayapa jina la Kiswahili: Maisha. Vijana kutoka Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda wamefundishwa humo uandishi wa miswada, uongozaji na kazi nyingine za nyuma ya kamera, na waalimu wao ni watu wanaozifanya kazi hizo. Shabaha yake ni wazi: hadithi zetu tusipozisimulia wenyewe, hakuna atakayetusimulia.

Tutazame pia safari ya Lupita Nyong'o wa Kenya. Kabla dunia haijamjua, alikuwa msaidizi wa kawaida katika utengenezaji wa The Namesake, filamu ya Mira Nair ya mwaka 2006. Baadaye alisomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na mwaka 2014 akapata tuzo ya Oscar. Mwaka 2016 alirudi kwa mwongozaji wake wa zamani, safari hii akiwa mmoja wa waigizaji wakuu wa Queen of Katwe, filamu ya binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyepata sifa kwa mchezo wa sataranji. Aliyeigiza binti huyo, Madina Nalwanga, alikuwa kijana wa Uganda ambaye hajapata kuigiza filamu.

Sisi nasi hatuanzi leo. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968. Filamu ya Arusi ya Mariamu ilitoka mwaka 1985, na mwaka 2021 Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto. Vipaji tunavyo. Tunachopungukiwa ni desturi ya aliyetangulia kumshika mkono anayefuata.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa watayarishaji wetu. Kila filamu inayopigwa nchini ichukue japo vijana wawili wa kujifunza kazi za nyuma ya kamera. Wapewe mapatano ya maandishi, wapewe posho, na majina yao yaandikwe mwishoni mwa filamu pamoja na ya mafundi wengine. Bodi ya Filamu nayo ingefaa ilifikirie jambo hili inapotoa vibali, hasa kwa makampuni ya nje yanayokuja kupiga picha mbuga zetu na kuondoka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekwisha kuja Kampala, na ameonyesha njia. Zamu iliyobaki ni ya wenyeji.