Mteja Mpya Hapatikani kwa Kalenda ya Ramadhani

Kila mwaka, hilali ya Ramadhani inapokaribia kuandama, misikiti yetu hutembelewa na maafisa wa makampuni. Huja na kalenda za nyakati za kufuturu, katoni za tende na mabango yenye picha ya mnara. Tende tunazipokea, na Allah (SW) awalipe kheri. Lakini wakidhani kwamba hiyo ndiyo njia ya kupata wateja wapya, wanapoteza mali ya wenye kampuni. Muislamu aliyejitenga na benki miaka ishirini kwa kuikimbia riba hataingia humo kwa sababu amepewa kalenda.

Anayetaka kupanua biashara yake imempasa aanze na suali moja: huyu asiyenunua kwangu amezuiwa na nini?

Barclays ya Kenya, ambayo tangu 2020 inaitwa Absa, ilijiuliza suali hilo mwaka 2005 ikafungua akaunti ya La Riba. Mwaka 2008 zikaanza kazi Gulf African Bank na First Community Bank, zote zikifuata sharia kikamilifu. Tanzania nayo ikapata Amana Bank mwaka 2011, na mwaka 2021 CRDB ikafungua dirisha lake la Al Barakah. Wateja waliofuatwa na benki hizo hawakuzaliwa miaka hiyo. Walikuwapo siku zote, na fedha zao zikizunguka madukani au zikilala sandukuni.

Hata nje ya mambo ya dini kanuni ni hiyo hiyo. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005 ilikusudiwa kuwarahisishia wakopaji wadogo kurejesha mikopo. Watu wakaigeuza, wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Safaricom haikung'ang'ania rai yake ya mwanzo. Ilipoizindua huduma hiyo Machi 2007, iliwaita watu watume pesa nyumbani. Kijana aliye mjini na mama aliye kijijini hawakuhitaji maelezo zaidi.

Hata hivyo, kuna hatari katika mlango huu. Zipo taasisi zinazoona kwamba kumpata mteja Muislamu ni kubadilisha jina la fomu tu. Tuchukue murabaha, ambayo ndiyo inayotumika zaidi. Mfanyabiashara anahitaji mashine ya kusaga. Benki huinunua mashine ile, ikaimiliki, na ikiharibika kabla ya kuuzwa hasara ni ya benki. Kisha humuuzia mteja kwa malipo ya baadaye, na faida yake ikiwa imetajwa wazi. Ama mteja akikabidhiwa fedha taslimu, na makaratasi yakaandika kwamba benki ilinunua mashine, huo ni mkopo wa riba uliovalishwa kanzu. Mtume (SAW) alimkataza Hakim bin Hizam (RA) kuuza kisichokuwa mkononi mwake, na katazo hilo liko wazi kwa karani na kwa mkurugenzi pia.

Na hapa maslahi ya kampuni yanakutana na ya dini. Mteja huyu amekuja kwa sababu moja tu. Sababu hiyo ikianguka, ataondoka, na habari yake itafika msikitini kabla ya swala ya Isha. Kwa hiyo fedha za mabango ni bora zitumike kumfundisha karani wa dirishani aweze kueleza mkataba kwa Kiswahili kinachoeleweka. Nimewahi kuuliza katika tawi moja tofauti ya mudharaba na akaunti ya kawaida, nikapewa kijitabu chenye picha nzuri.

Nasi waumini tusione haya kuuliza. Ni masheikh gani wamo katika bodi ya sharia, na ripoti yao inapatikana wapi? Fedha za dirisha hili zimetengwa na za riba? Na mteja akichelewa kulipa, ile faini anayotozwa inapelekwa kwa maskini, au inaingia katika faida ya benki?