Ushuru wa Bia na Mauti ya Mlalahoi

Kila bajeti inapokaribia, wanywaji wa bia hutega sikio kwa hofu. Hoja ya serikali huwa ni ile ile: ushuru ukipanda, hazina itajaa na ulevi utapungua. Sehemu ya kwanza naielewa. Ya pili naitilia shaka, kwani yaliyotukia humu nchini yanaikanusha.

Mwaka 2004, kampuni ya East African Breweries ilitoa bia ya Senator, inayouzwa kwa kikombe kutoka kwenye pipa, nayo serikali ikaisamehe ushuru. Nia ilikuwa kumvuta mlalahoi kutoka kwa chang'aa. Bia hiyo ilipendwa mno vijijini na katika mitaa ya mabanda, na mkulima wa mtama akapata soko. Mwaka 2013 msamaha huo ulipunguzwa kwa nusu. Bei ikaruka, mauzo yakaporomoka na mtama ukakosa mnunuzi.

Je, wanywaji waliacha kunywa? La hasha! Walihama. Mei 2014, makumi ya watu walifariki Embu, Kitui na kwingineko, na wengine wakapofuka, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Sisemi kwamba ushuru ndio uliowaua. Aliyewaua ni aliyechanganya sumu ile. Lakini muuza sumu hunawiri palipo na mteja asiyemudu kingine. Mwaka 2015 serikali yenyewe iliirudishia bia hiyo nafuu ya asilimia 90.

Desturi nayo imegeuka. Wazee wa Magharibi walizunguka chungu kimoja cha busaa kwa mirija mirefu, na aliyezidisha alionywa na wenzake. Kijana wa leo hutia kichupa cha pombe kali mfukoni, akakimaliza peke yake kabla ya adhuhuri. Nani atamwonya?

Sheria ya ushuru ya Desemba 2024 ilianza vyema, kwa kutoza kileo kulingana na nguvu yake badala ya wingi wa lita. Hata hivyo, kila sentilita ya alkoholi halisi iliyomo kwenye bia ilitozwa shilingi 22.50, ilhali iliyomo kwenye pombe kali ilitozwa shilingi 10. Anayetaka kulewa upesi kwa senti chache ameonyeshwa njia, nayo si ya bia.

Nionavyo mimi, kiwango cha ushuru chafaa kiwe kimoja kwa vileo vyote, au pombe kali itozwe zaidi. Pia msako dhidi ya watengenezaji wa pombe haramu usiwe wa msimu, unaovuma baada ya mazishi na kuzimika baada ya mwezi. Februari 2024 tulizika tena, safari hii Kirinyaga. Wanaoandika bajeti na wakumbuke makaburi hayo kabla ya kuhesabu mapato.